Uzio Juu ya Paa

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa, si yale ambayo watu walitamani yangesemwa. Kwa hiyo nikieleza niliyoyaona katika nchi ya Warithi, sitii chumvi. Anayetaka kuamini na aamini, asiyetaka shauri yake.

Namna nilivyofika si habari. Mume wangu alifariki, watoto wakashikwa na maisha yao, nyumba ikabaki na vyumba vingi na mtu mmoja. Nikaanza kutembea. Hilo linatosha.

Kabla ya kwa Warithi nilipita Awali, nchi iliyo juu mlimani, kavu, yenye jua la kuchoma. Nyumba za Awali zina paa bapa la udongo, na paa ndilo sebule. Watu hupanda kwa ngazi na sinia zao, hula huko, huanika tini huko, na joto likizidi hulala huko. Kila paa limezungushiwa uzio wa mbao unaonifika kiunoni. Familia iliyonikaribisha ilikuwa na mtoto wa miaka miwili, mtundu kupita kiasi. Tulipokuwa tunakula alichomoka mbio kuelekea ukingoni, akajigonga kwenye uzio, akakaa chini kwa makalio, akacheka. Mama yake hata hakuinuka.

"Ni sheria yetu ya zamani," aliniambia huku akinimegea mkate. "Ukijenga nyumba, weka uzio juu, mtu asije akaanguka ukawa na damu yake mikononi."

Nikamuuliza kuhusu Warithi wa kule bondeni, maana nilisikia nao wanaisoma sheria hiyo hiyo.

"Wanasoma vitabu vyetu kila siku," alisema. Hakuwa na chuki, alikuwa amechoka tu. "Ila hawajawahi kupanda kutuuliza chakula tunakilia wapi."

Nikaandika maneno yake kwenye daftari langu, nikateremka.

Bondeni mvua hunyesha karibu miezi tisa ya mwaka. Kwa sababu hiyo paa za Warithi zina mwinuko mkali, maji yapate kuteremka. Hakuna anayepanda juu. Hata paka wakijaribu huteleza. Na bado, nusu ya paa hizo zina uzio umezunguka kote, umepigiliwa kwa ustadi mkubwa kwenye mteremko ambao binadamu hawezi kusimama. Nusu nyingine zilikuwa na uzio zamani ukakatwa, na visiki vya nguzo vimeachwa makusudi ili mpita njia aone kwamba wenye nyumba hawafungwi na mambo ya kale. Wenye uzio wanaitwa Washikaji. Wenye visiki wanajiita Walioachiliwa. Wote wanasali pamoja, katika mabenchi tofauti.

Nilielezwa asili ya jambo hilo siku ya pili, nilipokwenda kusajiliwa katika ukumbi wa Baraza. Aliyenieleza ni Mzee Obedi, mwenyekiti, mtu mpole mwenye kucha safi. Alisema Warithi si wazaliwa wa Awali. Walikuwa watu wa nje, wasio na kwao, mpaka Mwana wa Mwenye Nchi, ambaye yeye alizaliwa Awali, alipowaita waingie wakawa warithi pamoja na wenyeji. Waliingia, wakakuta sheria za wenyeji zimeandikwa kwenye vibao. Wakamuuliza Mwana, hizi nazo ni zetu? Akawaonyesha vigingi viwili ukutani. Akasema vibao vyote vinaning'inia hapo: kumpenda Mwenye Nchi kwa moyo wote, na kumpenda jirani kama nafsi yako.

"Vigingi vyenyewe ni vile," alisema Mzee Obedi.

Nikatazama. Ni vigingi vinene kama mkono wa mtu. Kimoja kilikuwa na koti la mwenyekiti, kingine mwavuli wake.

"Na vibao?"

"Vibao tumevipanga." Akanionyesha vikapu vitatu sakafuni. Cha kwanza ni cha ibada za kale, sadaka za kuteketezwa na kadhalika, ambacho kimekwisha muda wake. Cha pili ni cha serikali ya Awali, nacho kimekwisha. Cha tatu ni cha maadili, hicho kipo hai. Kazi ya Baraza ni kuamua kibao kipi kinakwenda kikapu kipi.

"Vibao vyenyewe vimeandikwa kikapu chake?" nikauliza.

"Hapana, mama. Ndiyo maana tuna kazi."

Alisema hivyo bila utani. Nikaona pia kwamba meza yake ilikuwa na mguu mfupi, na chini ya mguu ule kulikuwa na kibao kimelazwa ili isiyumbe. Niliinama nikakisoma nikijifanya nafunga kiatu. Kiliagiza kwamba mgeni apendwe, kwa kuwa na wao walikuwa wageni.

Nilikaa kwa Warithi wiki tatu, na nasema wazi kwamba sijawahi kuwa mpweke namna ile, hata wiki ya kwanza baada ya msiba. Watu hawakunitukana. Waliniuliza kama nimesajiliwa, nikisema ndiyo wanapita. Nyumba ya wageni ilikuwa na meza ya watu kumi na wawili, nami nilikaa peke yangu upande wa dirishani, nikisikiliza kijiko changu. Wana desturi kwamba mwaka unapoanza kila mtu anaruhusiwa kuchukua nakala ya kibao kutoka kikapu cha maadili na kukitundika mlangoni. Si mlangoni kwake, mlangoni kwa jirani. Mimi asubuhi ya nne nilikuta kimoja kwenye mlango wa chumba changu, cha wanawake wanaovaa mavazi ya kiume, kwa sababu ya suruali yangu ya safari. Aliyekitundika simjui. Angalau kuna mtu alinitazama.

Aliyenisemesha kama mtu ni Ketura, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. Aliniona na sahani yangu, akasimama na beseni kichwani.

"Mama, unakula hivi kila siku? Peke yako?"

Nikataka kumjibu kitu cha heshima, nikaishia kuisogeza sahani. Akatua beseni. Jioni ile nilikula kwao, na karibu kila jioni baada ya hapo.

Ketura aliishi na baba yake, Mzee Helkia, mgonga kengele wa mji. Nyumba yao ilikuwa upande huu wa korongo, na kengele ipo upande wa pili, karibu na ukumbi wa Baraza. Katikati kuna daraja la magogo mawili yaliyopigiliwa mbao, pana kiasi cha watu wawili kupishana kwa kujibana. Chini ni mbali, na ni mawe. Daraja hilo halina kitu cha kushika, upande huu wala ule. Mume wa Ketura aliteleza hapo mvua za mwaka juzi. Na sasa macho ya Mzee Helkia yalikuwa yameingiwa na ukungu, jicho la kushoto lilikwisha kabisa, la kulia lilikuwa linafuata.

"Nikimwambia akae nyumbani ananiuliza akae afanye nini," Ketura alinieleza.

"Ndiyo, nakuuliza," alidakia mzee kutoka kitini kwake. "Nisipogonga kengele nitakuwa kiti humu ndani. Kiti kimoja tunacho, kinatosha."

"Basi nikupeleke kwa mkono."

"Mgonga kengele anapelekwa kwa mkono? Watu watanionaje?"

Alikuwa mbishi, mzee yule. Kwa hiyo kila kulipokucha Ketura alisimama dirishani akihesabu hatua za baba yake darajani. Hatua arobaini na mbili. Alihesabu kwa midomo bila sauti, na mpaka kengele ilipolia upande wa pili hakushika kazi yoyote. Nilisimama naye mara mbili. Mara ya tatu sikuweza, nilibaki jikoni.

Ketura alikuwa amepeleka ombi Baraza daraja liwekewe uzio. Lilisubiri miaka miwili. Siku ya kusikilizwa karani wao alikuwa anaumwa, na Mzee Obedi, aliyesoma kazi yangu katika fomu ya usajili, akaniomba niandike. Ndiyo sababu maneno yafuatayo nayatoa kama yalivyosemwa.

Ketura alisema, "Naomba uzio darajani. Sheria yenyewe mnayo, ile ya paa. Mtu asianguke."

Mzee Amaria, kiongozi wa Washikaji, akasimama. Alikuwa na sauti nzuri. "Dada yetu, kibao kinasema paa. Hakisemi daraja. Sisi ni nani tuongeze neno juu ya neno? Leo daraja, kesho kisima, keshokutwa kila shimo. Paa lako wewe lina uzio?"

"Linao, mzee. Wa mbao za mtarakwa. Aliuweka marehemu."

"Basi umetimiza."

Akasimama Bibi Tirsa, kiongozi wa Walioachiliwa. Yeye alizungumza akitabasamu. "Dada Ketura, tunakuhurumia. Lakini angalia, umeanza ombi lako kwa kutaja sheria. Tukiweka uzio kwa sababu ya kibao, tumerudi utumwani. Watu watashika ule uzio wakadhani ndio unaowaokoa."

"Lakini ndio utakaowaokoa," alisema Ketura.

"Nazungumzia wokovu mkubwa."

"Mimi nazungumzia daraja, bibi."

Watu walicheka kidogo, wakaacha. Mzee Obedi akaeleza kwamba kibao cha uzio kimekaa kikapu cha pili kwa kura moja ya ziada, na kwamba kuna hoja ya miaka saba ya kukihamishia cha tatu, na mpaka hoja hiyo iishe si haki kukitumia wala kukikataa. Akaniomba nisome daftari la walioanguka, ili Baraza liwe na takwimu. Nikasoma. Katika miaka sitini, walioanguka kutoka paani: mmoja, fundi aliyekuwa akijenga uzio. Walioanguka darajani: kumi na mmoja. Pembeni ya majina yale kumi na moja, mkono mmoja baada ya mwingine ulikuwa umeandika, "Hahusiki."

Ketura akauliza swali moja la mwisho. "Baba akianguka, wazee wangu, ataangukia kikapu kipi?"

Nikasimama mimi. Nilianza kusema kwamba nilipita Awali, nimekula juu ya paa zao, nimemwona mtoto akijigonga kwenye uzio na kucheka. Mzee Obedi akainua mkono kwa upole.

"Mama, karani hatoi neno."

Nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Nikakaa. Shauri likaahirishwa hadi kikao cha mwaka ujao.

Asubuhi iliyofuata Mzee Helkia alikanyaga pembeni. Tulimwona wote wawili kutoka dirishani. Mguu wa kushoto ulitoka kwenye mbao, akaenda chini kwa goti, akabaki amekumbatia gogo. Akakaa hivyo. Halafu akanyanyuka, akajipangusa, akaendelea, na kengele ikalia kama kawaida. Ketura alikwenda nyuma ya nyumba akachukua ngazi na nyundo.

Ilimchukua siku mbili kuubomoa uzio wa paa lake na kuupigilia darajani, upande mmoja. Mtarakwa ulikuwa mzima, mume wake alichagua mbao nzuri. Mimi nilimshikia misumari na kufunga kamba. Watu walipita wakatutazama. Washikaji walisubiri Walioachiliwa watukataze kujenga, Walioachiliwa walisubiri Washikaji watukataze kubomoa, na siku ya pili saa tisa kazi ikaisha. Mzee Helkia aliupapasa kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, akarudi akiupapasa.

"Hii ni kazi ya mkwe wangu," alisema. "Najua anavyopiga randa."

Siku tatu baadaye Ketura aliitwa. Nikaandika tena. Mzee Amaria alimshitaki kwa kuondoa uzio juu ya paa kinyume cha kibao. Bibi Tirsa alimshitaki kwa kuweka uzio kwa kutii kibao. Mzee Obedi alimuuliza kama aliishika sheria au aliiacha.

"Sikuwaza kushika wala kuacha," alisema Ketura. "Nina baba."

Zilipigwa kura. Kwa mara ya kwanza tangu daftari lile lifunguliwe, mabenchi yote mawili yalikubaliana. Adhabu ni ile wanayoiita kunyamaziwa: miaka saba asisalimiwe, asijibiwe, asile na mtu. Atakayemsemesha anaingia adhabu ile ile pamoja naye. Uzio nao ungeondolewa, ila kwanza Baraza lijadili kama kuuondoa ni kubomoa, ambako Washikaji hawakubali, au ni kutengeneza, ambako Walioachiliwa hawakubali.

Nilitakiwa kuisoma hukumu kwa sauti. Niliisoma. Nimesoma hukumu nyingi maishani, nikarudi nyumbani nikala, nikalala. Ile nilipoimaliza niliilaza karatasi kifudifudi.

Ukumbi ulikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa ndiyo adhabu imeshaanza. Ketura alisimama katikati akitazama watu aliowafahamu tangu utotoni, nao wakitazama viatu vyao. Ndipo benchi la nyuma likalia. Mzee Helkia alikuwa ameinuka. Alikuja akipapasa mabega ya watu mpaka mezani, akaweka nyundo yake ya kengele mbele ya Mzee Obedi. Meza ikayumba kidogo juu ya kibao chake.

"Mzee Helkia, hii ya nini?"

"Ya kengele yenu. Mtafuteni mwingine." Akageuza uso kuelekea mahali alipodhani binti yake yupo, akakosea kidogo. "Ketura mwanangu, uko wapi? Njoo unishike mkono twende nyumbani."

Alimshika mkono mbele ya watu wote. Walivuka daraja pamoja, mzee akiwa upande wa uzio. Hakulivuka tena baada ya siku ile, kwa sababu hakuwa na la kufanya ng'ambo. Uzio uliojengwa kwa ajili yake akawaachia watu wengine.

Na watu wengine waliutumia. Niliketi kwenye dirisha la nyumba ya wageni siku nne nikiwaangalia. Mzee Amaria aliushika akienda, Bibi Tirsa aliushika akirudi. Akina mama wenye mizigo waliushika. Hakuna aliyeutaja. Kengele haikulia, watu wakawa wanachelewa sala, na Baraza likaanza kujadili kengele ni ya kikapu kipi.

Siku ya kuondoka nilikwenda kuaga. Nilijua kumsemesha Ketura kunaniingiza kwenye adhabu, lakini nilikuwa nimenyamaziwa wiki tatu bila hukumu, hapakuwa na tofauti kubwa. Kabla sijafika mlangoni nilisikia sauti zao. Walikuwa wanagombana kuhusu chumvi.

"Umeweka mara mbili."

"Nimeweka mara moja, baba. Ulimi wako umezeeka."

"Macho nimekubali. Ulimi sikubali."

Nilisimama nje nikiwasikiliza. Niliwaonea wivu, nao mji mzima umewatenga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikabisha, wakanikaribisha, nikala ile mboga. Chumvi ilikuwa imezidi.

"Watu wanaushika uzio?" Mzee Helkia aliniuliza wakati naaga.

"Wote, baba. Wote kabisa."

"Basi," alisema.

Ketura alinisindikiza hadi kwenye nguzo ya kwanza. Akanikumbatia kwa nguvu, mbele ya mji. Hakusema nisiwasahau wala mimi sikusema nitarudi.

Mvua ilikuwa imeanza. Nilikuwa sijafika katikati ya daraja nilipomwona Mzee Obedi akija kutoka upande wa pili, kikapu kimoja begani, mwavuli kwapani kwa sababu hakuwa na mkono wa kuufungua. Mkono wake wa pili ulikuwa kwenye uzio. Alikuwa ameona nilikotoka. Kwa hukumu aliyoitia sahihi mwenyewe, hakuruhusiwa kunisemesha, nami sikutegemea. Kwa wiki tatu, ukiondoa nyumba moja, hakuna mtu wa nchi ile aliyeniambia neno ambalo halikuwa la usajili au la Baraza.

Tulipofikiana alijibana kwenye uzio ili nipite. Kupita kulinibidi niachie uzio, na mguu wangu ukateleza kidogo kwenye mbao. Mzee Obedi akauondoa mkono wake mahali alipokuwa ameshika.

"Shika hapa, mama," alisema. "Panateleza."

Nikashika.